"Nimekosa": Kosa, Ukosefu na Lawama katika Lodwar na Kakuma

Kiingereza cha mazungumzo kina neno la utani, boo-boo, ambalo kamusi hulieleza kwa maana mbili zisizoelekea kuhusiana. Maana ya kwanza ni kosa la kipuuzi, hasa la mtu mzima aliyetarajiwa kuwa mwangalifu. Maana ya pili ni jeraha dogo la mtoto: goti lililochubuka, kidole kilichobanwa na mlango, mahali ambapo mama hupapuliza na kusema pole mpaka kilio kikome. Neno hili lilienea Marekani katikati ya karne ya 20. Wako wanaoihusisha asili yake na sauti ya kilio chenyewe, na wako wanaoihusisha na neno jingine la mtaani lenye maana ya mpumbavu. Kwa vyovyote vile, kilio na upumbavu vimekutana katika silabi moja iliyorudufishwa kama silabi za watoto wachanga zinavyorudufishwa.

Mkutano huo si wa bure. Mtu mzima anayeliita tendo lake kwa jina hili amejigawia nafasi mbili kwa pamoja: yeye ndiye mtoto aliyeumia, na yeye huyohuyo ndiye mama anayembembeleza. Nafasi ya tatu, ya yule aliyeumizwa na tendo lenyewe, haimo katika neno. Hapo ndipo suala la semantiki linapogeuka kuwa suala la maadili. Ni nani mwenye haki ya kuliita kosa dogo? Je, ni mtenda, mtendwa, au msimulizi aliyekuja baadaye akayakuta yote yamekwisha?

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika mazingira ya Lodwar na Kakuma, wilaya ya zamani ya Turkana ambayo tangu 2013 ni kaunti. Uteuzi wa mahali unatokana na hali ya lugha yenyewe. Katika miji hii miwili, iliyotengana kwa takriban kilomita 120, Kiingereza ndicho lugha ya ripoti na Kiswahili ndicho lugha ya foleni. Mipango huandikwa kwa lugha ya kwanza, na matokeo yake huelezwa kwa lugha ya pili, baada ya kupita katika Kiturkana, Kidinka, Kisomali na lugha nyingine nyingi. Kosa likitendeka huko hupata majina mawili, na majina hayo hayabebi uzito sawa.

Kiswahili nacho hakikosi maneno ya utani kwa jambo hili. Mtu huboronga, huvurunda, hubananga. Kijana wa Dar es Salaam husema fulani amechemsha, na wa Nairobi husema amechoma. Hata hivyo maneno haya yote yana kasoro moja kwa mtu anayetaka kujifichia ndani yake: ni maneno ya mtazamaji. Ni nadra mtu kusema "nimechemsha" pasipo kwanza kuchekwa na wengine. Neno lenye maana nyingi kwa hakika, na ambalo ndilo linalostahili kulinganishwa na lile la Kiingereza, ni neno la kawaida kabisa ambalo kwa ukawaida wake halitazamwi: kosa.

Tazama upana wake. Mwindaji amemkosa paa. Mshale umepita pembeni. Msafiri amekosa basi la Kitale. Mjane amekosa chakula. Kijana amekosa adabu. Mshtakiwa amekosa, naye atahukumiwa. Mwanafunzi amekosa hesabu ya tatu. Katika sentensi hizi kuna kutolenga, kuchelewa, kutokuwa na kitu, kupungukiwa na sifa, kuvunja sheria na kutojua, na zote zimebebwa na mzizi mmoja usiobadilika. Nomino zake zimegawana urithi huo bila mpaka ulio wazi: kosa ni tendo baya au lisilo sahihi, ilhali ukosefu ni hali ya kutokuwapo kwa kitu. Mtenda kosa ni mkosaji. Ila mkosa, kama anayetajwa katika methali ya mkosa kitoweo aliyelazimika kula kivingine, hakutenda lolote. Amekosa tu.

Mwanafunzi wa fasihi atalikumbuka hapa neno la Kiyunani ambalo Aristotle alilitumia katika sura ya 13 ya Poetics kueleza kinachomwangusha shujaa wa tanzia: hamartia. Kitenzi chake, hamartanein, maana yake ya awali ilikuwa kutopata shabaha, na waandishi wa Agano Jipya walilichukua neno hilohilo kwa maana ya dhambi. Wahakiki wa Ulaya walibishana kwa karne nyingi iwapo hamartia ni ila ya tabia au ni kutojua tu, na sehemu ya ubishi huo ilisababishwa na lugha zao, ambazo zilimlazimisha mfasiri achague. Kiswahili hakimlazimishi. Anayemsoma mfalme wa Thebe katika tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, anaweza kusema kwamba Edipode alikosa, na sentensi hiyo ikasimama bila kuamua kama alikuwa mwovu, mjinga, au mtu aliyekosa habari moja muhimu kuhusu wazazi wake. Huu ni utajiri wa lugha. Swali ni iwapo ni utajiri pia wa maadili, au ni ghala ambamo vitu vya aina tofauti vimerundikwa ili visihesabiwe.

Methali inaonyesha kwamba wasemaji wenyewe walilitambua tatizo. Katika usemi kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, neno lilelile limetokea mara nne, na usemi wote ungekuwa upuuzi wa kimantiki kama maana ingekuwa moja. Kosa la kwanza ni la mkono au la akili. Kosa la pili ni la moyo, yaani hatia. Methali haikuleta neno jipya ili kutenganisha mambo hayo mawili. Iliyatenganisha kwa muda: tendo lisilo hatia leo huwa hatia likitendwa tena kesho, kwa sababu kesho mtenda ana ujuzi ambao leo hakuwa nao. Kigezo hiki ni kikali kuliko kinavyoonekana, na kitahitajika hapa chini.

Neno hili lina uzito wa pekee Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wamefukuzwa na vita hadi Ethiopia, na kutoka Ethiopia tena baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991, walipovuka mpaka na kuingia Kenya. Magazeti ya Kiingereza yaliwaita wavulana waliopotea, kwa jina lililochukuliwa kutoka hadithi ya Peter Pan. Jina zuri lenye dosari ya kisarufi, maana hawakupotea bali walipotezwa. Wengi wao, walipopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000, waliandikiwa kwamba wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa fomu ilidai tarehe na mwenye fomu hakuwa nayo. Watu ambao kwao hata mvua ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa na jina wakawa wamezaliwa wote siku moja. Hili ndilo kosa linaloweza kuitwa boo-boo na karani asione haya. Lakini mwenye siku hiyo ya kuzaliwa ameibeba katika kila hati tangu hapo.

Tangu mwaka huo wa 1992 hadi leo maisha ya Kakuma yamezunguka orodha. Mtu yumo katika orodha au hayumo. Mwaka 2025, fedha za misaada zilipopungua, Shirika la Chakula Duniani liliacha kutoa mgawo ulio sawa kwa wote; kaya zikapangwa kwa madaraja ya uhitaji, nyingine zikipata zaidi, nyingine kidogo, na zile zilizohesabiwa kuwa zinajiweza zisipate chakula. Kulikuwa na maandamano kambini mwezi Julai. Katika taaluma ya ugawaji misaada kuna istilahi mbili za hitilafu za mpango wa namna hii: kosa la kumjumuisha asiyestahili na kosa la kumwacha anayestahili. Zote mbili hutajwa kwa asilimia, na zote mbili huchukuliwa kuwa haziepukiki.

Mama aliyeachwa na orodha hasemi kwa asilimia. Akiulizwa na jirani, kwa Kiswahili cha kambini au cha Goma, atajibu neno moja: "Nimekosa." Jirani anaelewa kwamba hakupata. Lakini neno alilolitumia ndilo lilelile ambalo mtoto hulitamka mbele ya fimbo na mshtakiwa mbele ya hakimu. Sarufi imemweka mama huyo katika nafsi ya kwanza, umoja, mtenda wa kitenzi, wakati kosa, kama lipo, ni la orodha. Aliyekosewa anasema amekosa. Hakuna haja ya kudai kwamba yeye mwenyewe anajiona ana hatia. Wasemaji wa lugha yoyote hutumia maneno bila kuyachimba. Hata hivyo, mtu anayeishi kwa muda mrefu katika hali ambapo kukosa kitu na kukosa sheria vinafuatana kwa karibu ataona kwamba lugha haikukosea sana.

Kwa maana sheria yenyewe imewahi kuvifuatanisha. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mkimbizi aliyeishi nje ya eneo aliloandikiwa bila idhini alitenda kosa. Sheria ya 2021 imechukua nafasi ya ile, ikiwa na lugha ya matumaini zaidi kuhusu wakimbizi na jamii zinazowapokea, lakini kibali cha safari bado ni karatasi ambayo mtu wa Kakuma hatoki bila kuifikiria. Aliyetoka kambini kwa sababu amekosa chakula amekosa mara mbili, na njia baina ya kukosa kwa kwanza na kukosa kwa pili ni barabara ya Lodwar.

Jambo hili halikuanza na wakimbizi. Katika utawala wa kikoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, chini ya sheria za maeneo ya pembezoni za mwaka 1902 na za wilaya maalum za mwaka 1934. Mgeni hakuingia bila kibali. Mahali palikuwa adhabu kabla ya mtu kufikishwa hapo, na kwa sababu hiyo serikali ilipatumia kwa wale iliotaka wasahauliwe. Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953 pamoja na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, alifungwa Lokitaung, kaskazini mwa wilaya hiyo. Mwaka 1958 Rawson Macharia, aliyekuwa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, alikiri kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa. Ungetarajia kwamba hukumu iliyojengwa juu ya ushahidi huo ingeitwa kosa na walioitoa. Aliyeshtakiwa badala yake ni Macharia, kwa kiapo cha uongo, si kile alichoapa Kapenguria bali kile alichoapa alipokuwa anakanusha. Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar, akazuiliwa humo hadi 1961. Alikuwa Lodwar mwezi Mei 1960 gavana Patrick Renison alipotangaza kwamba mtu huyo ni kiongozi wa kuwaelekeza watu gizani na mautini. Miaka mitatu baadaye kiongozi huyo alikuwa waziri mkuu. Wanahistoria huitaja kauli ya Renison kama kosa la kisiasa, na ni kweli, ikiwa kosa la mwanasiasa ni kutotabiri. Kwamba huenda pia alimkosea mtu ni jambo ambalo historia ya kisiasa haina safu ya kuliandika.

Kilichofuata kinahusu mada hii moja kwa moja. Tarehe 12 Agosti 1963, mjini Nakuru, Kenyatta alikutana na walowezi wa kizungu waliokuwa na hofu ya uhuru. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna jamii ya malaika, kwamba binadamu wa rangi zote hukosa, na kwamba msamaha unapasa kwenda pande zote mbili. Hotuba hiyo imesifiwa kwa haki. Mhakiki wa lugha, hata hivyo, hana budi kuona ufundi wake: makosa ya aliyechukua ardhi na makosa ya aliyeidai yamepimwa kwa kibaba kimoja, na usawa wa kibinadamu wa wakosaji umefunika tofauti ya makosa yao. Aliyetoka Lokitaung na Lodwar alikuwa na haki ya kusamehe kwa niaba yake mwenyewe. Kama alikuwa na haki ya kuyapunguza makosa kwa niaba ya wengine waliofungwa, au waliobaki bila ardhi, ni suala jingine. Na Waturkana, ambao wilaya yao ilikuwa imetumiwa kama gereza, hawakuwamo katika usuluhishi huo kwa upande wowote.

Waliingia katika historia ya makosa kwa njia nyingine. Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, kaskazini-mashariki ya Lodwar, kuna jengo ambalo limekuwa mfano unaorudiwa katika mijadala ya misaada duniani. Mpango wa uvuvi wa Norway ulibuniwa mwaka 1971: wafugaji wa Turkana waliopoteza mifugo wangevua samaki, samaki wangegandishwa kiwandani, na minofu ingesafirishwa. Kiwanda kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi kwa siku chache tu, kikafungwa. Kugandisha samaki katika joto la jangwa kulihitaji umeme na maji safi kwa gharama ambayo ngege na sangara wenyewe wasingeweza kuilipa. Ghuba ya Ferguson, ambako ngege walikuwa wengi, ilikauka katikati ya muongo huo ziwa lilipopungua. Gharama inayotajwa kwa kawaida ni dola milioni 22 za Marekani. Jengo likaja kutumika kama ghala la samaki wakavu, yaani bidhaa ambayo haihitaji jokofu wala Mnorway.

Kisa hiki kinaposimuliwa kwa Kiingereza cha magazeti, huchukua umbo la kichekesho: wafadhili waliwajengea wachunga ngamia kiwanda cha samaki, na wachunga ngamia hawali samaki. Msikilizaji hucheka, na kicheko hicho ndicho hasa kinachozalisha maana ya boo-boo. Kosa limekuwa la kipuuzi, na upuuzi wake umelifanya lisiwe la mtu. Lakini kichekesho chenyewe kina kosa ndani yake. Si kweli kwamba Waturkana hawakujua samaki. Maskini wasio na mifugo walivua ziwani muda mrefu kabla ya mradi, na baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 uvuvi wa Kalokol ulikuwa tegemeo la watu waliokuwa wamefikwa na njaa. Chama cha ushirika cha wavuvi kilikuwapo kabla ya kiwanda. Walichokosa si samaki wala ujuzi wa kuvua. Walikosa soko la karibu, bei ya haki na dhamana kwamba ghuba haitakauka. Hadithi ya wafugaji wanaochukia samaki inahamisha sababu kutoka katika hesabu za mhandisi na kuiweka katika tabia ya mwenyeji. Kwa hiyo kosa limepunguzwa mara mbili: kwanza kwa kuchekwa, kisha kwa kugawiwa yule aliyekosewa.

Na jeraha liko wapi? Neno la Kiingereza linadai kwamba kosa na jeraha ni kitu kimoja, lakini Kalokol viwili hivyo vilikwenda njia tofauti. Oslo ilipata aibu na somo. Familia zilizohamia ufukweni kwa ahadi ya uvuvi zilibaki na mashua, na ghuba ikawa tope. Ingekuwa dhuluma kutokuongeza kwamba fedha za Norway zilijenga pia barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar, ambayo ilitumika hadi mashimo yakaimaliza, na kwamba uhusiano wa mradi ulikatizwa na siasa mwaka 1990 Kenya ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere. Wanorway hawakuja kudhulumu. Kutodhamiria kwao kunaondoa uovu, hakuondoi deni.

Kosa jingine la eneo hilohilo linafaa kuwekwa kando ya hili, kwa sababu linafanana nalo na si sawa nalo. Mwezi Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba uchunguzi wa setilaiti na radar umegundua hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, sehemu kubwa ikiwa katika bonde la Lotikipi, upande wa Kakuma. Kiasi kilichotajwa kilikuwa cha mita za ujazo bilioni mia kadhaa. Dunia nzima ilishangilia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Hapa hakuna aliyeng'olewa malishoni wala aliyeahidiwa mashua. Wanasayansi walikosea, na kukosea ni sehemu ya kazi yao. Lakini tangazo lilitolewa kabla ya maji kuonjwa, na lilitolewa katika nchi ambamo watu walikuwa wamekwisha kutangaziwa kiwanda. Kwa kigezo cha methali, kosa la 2013 si la kwanza. Aliyekosea ni mwingine, mwaka ni mwingine na chombo ni kingine. Lililorudiwa ni tabia ya kutangaza neema juu ya kichwa cha anayeisubiri. Je, kosa likirudiwa na mtu mwingine ni kurudia? Methali haisemi. Yaelekea kwamba kwa mtazamo wa Oslo, Paris na Nairobi makosa hayo ni mawili, na kwa mtazamo wa kisima cha Lodwar ni moja.

Hoja inaweza kutolewa dhidi ya mwelekeo wote huu, na ni hoja nzito. Ikiwa kila kosa litapewa uzito kamili wa hatia, nani atathubutu kutenda? Ebrahim Hussein alilikabili swali hili katika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969 kuhusu vita vya Maji Maji. Kinjeketile alitoa neno la maji. Neno likamzidi nguvu aliyelitoa. Watu wakafa kwa risasi ambazo maji hayakuzigeuza. Kwa kipimo chochote cha akida au cha mhandisi, hilo lilikuwa kosa la kutisha. Bali mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua kwamba tamko hilo litawafikia watoto wa kesho kama habari kuwa babu zao walipigania upuuzi. Wahakiki wengi wameisoma hatua hii kama ushujaa wa kisiasa. Inaweza kusomwa pia kama jibu kwa swali la nani mwenye haki ya kulitaja kosa. Kinjeketile hakatai kwamba alikosa. Anakataa kwamba mshindi ndiye atakayelipa kosa lake jina na ukubwa. Tofauti kati yake na wajenzi wa Kalokol si kwamba lengo lake lilikuwa jema na lao baya. Yeye alisimama mahali ambapo risasi ilianguka.

Ndiyo maana Kiswahili, pamoja na urundikaji wake wa maana, kina vyombo vya kupambanua ambavyo vile viwili vya Kiingereza, kosa dogo na jeraha dogo, havina. Vyombo hivyo vimo katika vinyambuo. Kauli ya kutendeka, kukosekana, ni kauli ya ripoti. Maji yalikosekana, umeme ulikosekana, fedha zilikosekana: hakuna aliyekosa wala aliyekosewa, mambo yamejikosa yenyewe. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo zaidi kwenye maeneo yenye rutuba, mvua na miundombinu ambayo yangezalisha haraka, uliweka msingi wa karibu nusu karne ya kukosekana huko kaskazini. Shule zilikosekana Lodwar kama vile mvua hukosekana. Lakini waraka huo haukuwa mvua. Ulikuwa uamuzi, wenye hoja na takwimu, na waliouandika walijua ramani. Kitenzi kinachostahili hapo ni cha kauli ya kusababisha: Turkana ilikoseshwa. Mwenye kusema "wamekosa" na mwenye kusema "wamekoseshwa" wanaeleza foleni moja, ila wa pili amegeuka kutazama dirisha.

Chombo kingine ni kidogo zaidi, silabi moja tu. "Tulikosea" ni sentensi ya mtaalamu anayepitia mradi wake. "Tuliwakosea" ni sentensi ya mtu anayeomba radhi. Kiambishi cha mtendwa, -wa-, ndicho kinachotenganisha hitilafu na dhuluma, na hakiwezi kuingizwa katika kitenzi bila anayesema kuwa na watu fulani mbele ya macho yake. Tarehe 26 Machi 2015 rais Uhuru Kenyatta, akihutubia Bunge, aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia kwa maovu ya miaka iliyopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa mwaka 2013, ilikuwa imeitaja kaskazini ya Kenya kwa jina, na kutengwa kwake kwa jina. Radhi ilitolewa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha hotuba hiyo kilikuwa rasmi, si cha utani. Ikifasiriwa, mfasiri hupata uchaguzi ambao msemaji aliukwepa: makosa yaliyotendeka, makosa tuliyoyatenda, au tuliowakosea. Katika umbo la tatu kuna watu.

Radhi ya kila siku ya Kiswahili huchagua umbo hilo la tatu bila kufundishwa. Anayeaga safari, au anayefunga mwezi, humwambia jirani, "Kama nimekukosea, unisamehe." Hasemi "kama nilikosea." Anakubali pia, kwa lile neno la shaka mwanzoni, kwamba huenda hajui alichokitenda, na kwamba anayejua ni yule anayeambiwa. Ukubwa wa kosa umeachwa mikononi mwake. Ndivyo pia inavyosemwa kuwa kosa moja haliachi mke: ni kipimo cha ndani ya nyumba, na mgeni hawezi kukitumia kwa niaba ya mwenye nyumba.

Limebaki tendo moja la mzizi huu, ambalo ni kazi ya idara zenyewe zinazosomwa kurasa hizi: kukosoa. Kwa umbo, limenyambuliwa kama fungua kutoka funga, kana kwamba maana yake ni kulitendua kosa. Kwa matumizi, hulionyesha tu. Ghala la Kalokol halitenduliwi na makala. Lakini ipo kazi ya kuuliza, kila mara kitenzi kinapoletwa katika ripoti juu ya Lodwar au Kakuma kikiwa hakina mtendwa, kiambishi kimekwenda wapi. Na kumwuliza vilevile anayesema "nimekosa" kwenye mlango wa ghala la chakula iwapo anatoa habari, anakiri, au anashtaki.